Anayenunua chombo cha kuvuta tela aanze na mzigo, si injini

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe la mkono usemi huo una ukweli wake, kwani jembe baya hubadilishwa mpini au hupelekwa kwa mhunzi, na mwenye nalo akaendelea na kazi yake bila deni la mtu.

Chombo cha kuvuta tela ni jambo jingine kabisa. Hapa asiyechagua ndiye atakayelia, kwa sababu chombo hicho hununuliwa kwa akiba ya miaka kadhaa, kwa kiwanja kilichouzwa au kwa mkopo wenye dhamana ya nyumba. Kikikosewa, hakuna mhunzi wa kukirudisha.

Katika kata za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, tela limekuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Alfajiri huonekana Chamazi, Toangoma na Mbagala kwa upande wa Temeke, na Bunju, Mabwepande na Wazo kwa upande wa Kinondoni. Asubuhi hubeba mihogo na majani ya ng'ombe, mchana hubeba samadi ya kuku na maji, na jioni tela lile lile hubeba matofali ya mtu anayejenga.

Linalosikitisha ni namna vyombo vinavyovuta matela hayo vinavyonunuliwa. Mnunuzi humuuliza jirani, jirani humwelekeza kwa dalali, na dalali humweleza jambo moja tu: nguvu ya injini. Hakuna anayemuuliza atabeba nini, atapita wapi, ni siku ngapi kwa mwezi atakuwa na mzigo, na akifika kwenye mteremko atasimama kwa kitu gani.

Maswali hayo manne ndiyo yanayopaswa kutangulia. Jibu la swali la injini hupatikana lenyewe mwishoni, na mara nyingi huwa tofauti na lile alilokuwa nalo dalali.

Mzigo haupimwi kwa macho

Wako pia waliosema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa bahati mbaya hata mwenye mzigo wake siku hizi huuona kuwa ni usufi, kwa kuwa hajawahi kuupima.

Chukua mfano wa maji. Pipa la lita 200 lina kilo 200 bila kuhesabu uzito wa pipa lenyewe. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja kamili. Mifuko 20 ya sementi ya kilo 50 nayo ni tani moja. Tofali la sementi la inchi sita lina kilo 25 au zaidi, kwa hiyo matofali 100 yanafikia tani mbili na nusu, ingawa kwenye tela yanaonekana machache.

Kwa upande wa mazao, tatizo kubwa ni lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini gunia lenye kilemba juu linaweza kuzidi hapo kwa kiasi ambacho hakuna anayekijua. Lumbesa humwibia mkulima mara mbili. Sokoni hupunjwa uzito, na njiani humvunjia ekseli ya tela kwa uzito ule ule ambao hakulipwa.

Upo pia upande wa pili. Mfugaji wa kuku wa mayai anayepeleka trei 100 kwa siku anabeba mzigo usiofika kilo 200. Huyu hahitaji tela wala trekta. Gari dogo aina ya Suzuki Carry, ambalo wenyeji wa Dar es Salaam hulifahamu kwa jina la Kirikuu, limetengenezwa kubeba kilo 350 na lina springi. Mayai yake yatafika salama kuliko kwenye tela lisilo na springi ambalo hupasua trei za chini kabla ya kufika lami.

Hivyo basi, hatua ya kwanza ni mkulima kuandika kwenye daftari, kwa mwezi mmoja tu, kila mzigo aliosafirisha na uzito wake. Mizani ya duka la pembejeo au ya soko la nafaka la Tandale inaweza kumsaidia kupima gunia moja la kila aina, kisha akazidisha. Ajumlishe na uzito wa tela lenyewe, kwa sababu tela la chuma la kuchomelea mtaani linaweza kuwa na mamia ya kilo kabla halijapakiwa kitu.

Barabara ni nusu ya mzigo

Swali la pili ni la njia. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huonyeshwa chombo kikivuta tela kwenye lami, wakalipa fedha, kisha wakaenda nacho kwenye mchanga.

Tela lenye uzito wa jumla wa tani mbili likiwa kwenye lami tambarare huhitaji kuvutwa kwa nguvu inayolingana na kunyanyua kilo 30 au 40 tu. Kwenye barabara ya udongo iliyoshindiliwa vizuri, nguvu hiyo hupanda hadi kilo 60 au 100. Kwenye mchanga mkavu uliolegea, kama ule wa mitaa mingi ya Mbagala na Chamazi wakati wa kiangazi, tela lile lile hudai kilo 300 hadi 600. Mzigo haujaongezeka hata punje moja. Kilichobadilika ni ardhi iliyo chini ya matairi.

Mlima nao una hesabu yake. Kila mita moja ya kupanda katika mita 100 za barabara huongeza kilo 10 za kuvuta kwa kila tani. Mlima wa mita 10 kwa kila mita 100 unamaanisha kilo 100 kwa kila tani, na tani zinazohesabiwa ni pamoja na za chombo chenyewe. Anayepandisha mzigo miinuko ya Wazo na Madale anajua kwamba chombo kilichokuwa kikikimbia Barabara ya Bagamoyo huanza kutembea kwa gia ya kwanza.

Kisha kuna jambo ambalo dalali halitaji kamwe, nalo ni mshiko wa matairi. Injini inaweza kuwa na nguvu za kutosha, lakini nguvu hizo hupitia kwenye tairi, na tairi hushika ardhi kulingana na uzito ulioikalia. Kwenye mchanga uliolegea, kwa makadirio, gurudumu huweza kuvuta takribani theluthi moja tu ya uzito lililoubeba. Chombo chepesi chenye injini kali kitachimba shimo, kitaketi kwenye tumbo lake, na mwenye nacho ataita vijana wa kusukuma.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mchanga wa Temeke hushikana na kupitika vizuri kidogo, ambapo udongo wa mfinyanzi wa baadhi ya maeneo ya Mabwepande hugeuka utelezi. Kwa mantiki hiyo, anayetaka kununua chombo atembee njia yake kwa miguu mara mbili, kiangazi na masika. Njia mbaya kuliko zote katika mwaka ndiyo ipangie ununuzi.

Vyombo vilivyopo na kazi vinazoziweza

Kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipozinduliwa mwaka 2009, matrekta madogo ya kukokotwa kwa mikono, maarufu kama pawatila, yaliingia nchini kwa wingi. Katika maeneo kadhaa yalilalamikiwa kuwa hayamudu kulima ardhi ngumu. Hata hivyo, pembezoni mwa miji yalijipatia kazi nyingine, yaani kuvuta tela.

Kazi hiyo pawatila huiweza, ila kwa mipaka. Injini yake ya nguvu farasi 12 hadi 16 ina uwezo wa kuvuta tela la tani moja hadi moja na nusu kwenye lami na kwenye udongo mgumu, kwa mwendo usiozidi kilometa 15 hivi kwa saa. Dizeli inayotumia ni kidogo, kwani hata ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, yenye nguvu farasi 12 hunywa takribani lita mbili na nusu kwa saa. Spea zake si ghali na fundi wa mtaani huzielewa.

Udhaifu wake ni wepesi. Uzito wake ni karibu kilo 400, hivyo kwenye mchanga mzito hukosa mshiko hata kabla ya injini kuchoka. Mkulima wa Chamazi ndani ndani, ambako mchanga hufunika nusu ya gurudumu, asiinunue kwa kudhani itamtoa huko na tani nzima ya mihogo.

Trekta la nguvu farasi 50, kama Massey Ferguson 240 linalofahamika sana nchini, lina uzito wa karibu tani mbili na matairi mapana ya nyuma. Hilo ndilo hasa la mchanga na matope. Lakini likifanya kazi kwa nusu tu ya nguvu zake hunywa lita tano au sita kwa saa, na kwenye lami linakwenda taratibu huku matairi yake ya shamba yakilika kwa haraka. Trekta linalolima wakati wa msimu na kuvuta tela baada ya mavuno linajilipa. Trekta lililonunuliwa kwa ajili ya kuvuta tela peke yake kwenye lami ni ufahari.

Baadhi ya wanunuzi huvutwa na ukweli kwamba trekta la kilimo hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia sifuri katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakati gari la kawaida hutozwa asilimia 25. Unafuu huo ni wa siku moja ya kununua. Dizeli, matairi na vipuri ni vya kila wiki.

Pikapu ndiyo yenye mwendo. Kwa mfanyabiashara anayepeleka mboga asubuhi kutoka Bunju hadi soko la Mabibo, saa moja ya kuchelewa ni tofauti kati ya mchicha unaouzika na mchicha wa kutupa. Ila pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, ikiwa haina mzigo kwenye bodi, ni nyepesi sana nyuma na itazunguka bure kwenye mchanga. Anayepita mchangani na tela atafute inayosukumwa na magurudumu yote manne.

Toyo na magurudumu matatu mengine ya injini ya pikipiki yana kazi yake nzuri ya kubeba mzigo mgongoni mwake. Kuyafungia tela nyuma ni kuyaua, kwa sababu klachi, mnyororo na breki zake hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Na kwa yule ambaye daftari lake linaonyesha tani tatu au nne kwa safari, tena kwenye barabara nzuri, jibu lake huenda lisiwe tela hata kidogo. Kenta la kukodi kwa siku mbili za wiki litamfikishia mzigo wote kwa safari moja.

Kuvuta ni rahisi, kusimama ndiyo kazi

Swali la tatu ndilo linalobeba roho za watu. Kila mnunuzi huuliza chombo kitavuta kiasi gani. Wachache huuliza kitasimamisha kiasi gani.

Toyota Hilux za miaka ya hivi karibuni, zile zinazosukumwa na magurudumu manne, zimeruhusiwa na kiwanda kuvuta tela la hadi kilo 3,500 endapo tela hilo lina breki zake. Likiwa halina breki, gari lile lile linaruhusiwa kilo 750 tu. Injini ni ile ile na chuma ni kile kile. Tofauti ya karibu mara tano yote imetokana na breki za tela. Nchini Uingereza sheria inakwenda mbali zaidi, kwani tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 au nusu ya uzito wa gari linalolivuta, ipi iliyo ndogo.

Sasa mtu alinganishe na matela yanayochomelewa mtaani kwa ekseli ya gari chakavu, ambayo ngoma zake za breki zimefungwa bila kuunganishwa na chochote. Tela kama hilo likiwa na tani mbili nyuma ya chombo chepesi, kinachoamua lini msafara usimame ni tela, si dereva. Mwendo nao huzidisha balaa, kwani ukiongezwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne.

Pawatila ina hatari yake ya pekee ambayo kila anayeikabidhi kwa kijana wake anapaswa kuieleza. Chombo hiki huelekezwa kwa klachi mbili za mkononi. Kwenye tambarare, akibana ya kulia kinakwenda kulia. Kwenye mteremko, tela likiwa linasukuma kutoka nyuma, mambo hugeuka: akibana klachi ya kulia, gurudumu la kulia huachiwa huru na kukimbia, na chombo kizima huelekea kushoto. Dereva mgeni hushtuka, hubana zaidi, na huishia mtaroni au kwenye njia ya daladala. Dawa yake ni kuingia mteremkoni kwa gia ndogo, kutumia breki ya tela, na kuelekeza kwa kusukuma mishikio badala ya kubana klachi.

Kwa trekta, mambo matatu yasisahaulike. Kwanza, pedali zake mbili za breki ziunganishwe kwa komeo lake kabla ya kuingia barabarani, la sivyo breki itashika upande mmoja na trekta litapinduka. Pili, tela lifungwe kwenye chuma cha chini cha kukokotea tu. Anayelifunga juu, pale pa kushikia jembe, analialika trekta linyanyuke mbele na kumwangukia dereva kwa nyuma. Tatu, mteremko haushukwi kwa kuweka gia huru ili kubana mafuta. Mafuta yanayookolewa hapo hayatoshi kununua sanda.

Upakiaji nao una kanuni. Kwa tela la ekseli moja, mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli, ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ilalie kwenye chombo kinachovuta. Uzito huo husaidia tairi kushika mchanga. Mzigo ukirundikwa nyuma, chombo hunyanyuliwa, mshiko hupotea, na tela la pikapu huanza kuyumba kama mkia wa mjusi.

Daftari ndilo mwamuzi wa mwisho

Swali la nne ni la fedha. Tuseme chombo na tela lake vimenunuliwa kwa mkopo unaorejeshwa kwa Sh450,000 kila mwezi. Kila safari inaleta Sh40,000. Mafuta na upakiaji vinachukua Sh15,000, dereva Sh8,000, na Sh5,000 zinawekwa kando kwa ajili ya matairi, oili na matengenezo. Kinachobaki ni Sh12,000.

Ili kulipa rejesho peke yake, bila kula wala kusomesha mtoto, mwenye chombo anahitaji safari 38 kwa mwezi, yaani safari tatu kwa kila siku mbili za kazi. Mkulima ambaye shamba lake humpa safari nane kwa mwezi ana upungufu wa safari 30. Zitatoka wapi? Zitatoka kwa majirani, na majirani hao hao nao wamenunua vyombo vyao wiki iliyopita.

Kila mtu aweke tarakimu zake, kwani nauli za Kongowe si za Bunju, na bei ya dizeli hubadilika kila EWURA inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Lakini mpangilio wa hesabu haubadiliki. Ambaye hawezi kutaja, kwa majina, wateja watakaojaza safari zake hajafikia hatua ya kununua. Anapaswa kukodi.

Wengi hukuona kukodi kuwa ni fedheha. Kwa kweli kukodi ni shule ya bei nafuu. Anayekodi pawatila kwa wiki mbili, kisha pikapu kwa wiki mbili, kwa mzigo wake na kwenye njia yake, atakuwa amejifunza mambo ambayo muuzaji hatamwambia na ambayo mwenye deni huyajua akiwa amechelewa.

Njia nyingine ni kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Wanawake kumi wafugaji wa Mabwepande wenye safari nne kila mmoja wana safari 40 kwa pamoja, na hesabu iliyomshinda mkulima mmoja hapo juu tayari imekaa sawa. Sharti ni kuwe na ratiba iliyoandikwa, fundi mmoja anayeaminika, na mfuko wa matengenezo usioguswa kwa sherehe.

Hoja ya wanaosema maskini hana uchaguzi

Watakuwepo watakaosema kwamba maneno haya yote ni ya watu wenye uwezo. Kwamba mchuuzi wa mihogo wa Mbagala hununua anachokiweza, si anachokitaka, na kwamba kumdai breki za tela ni kumfukuza kwenye biashara.

Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Hakuna aliyepanda tela bovu kwa kupenda. Lakini ndani yake kuna kosa la hesabu. Breki za tela hulipwa mara moja. Tela lisilo nazo hulipwa kila siku kwa mwendo wa wasiwasi na kwa mzigo unaopunguzwa mlimani, na siku moja hulipwa kwa mguu wa mtoto wa shule aliyekuwa akivuka Barabara ya Kilwa. Mwenye mtaji mdogo ndiye hasa asiyeweza kumudu ajali hata moja, kwa kuwa hana cha kuanzia tena.

Hata hivyo, si haki mzigo huu kuachiwa mkulima peke yake. Halmashauri inayotoa mkopo wa kununua chombo cha kuvuta tela inao uwezo wa kudai kwamba tela hilo liwe na breki, taa za nyuma na viakisi mwanga kabla ya fedha kutoka. Hilo halihitaji sheria mpya, linahitaji mstari mmoja kwenye fomu.

Mafundi wanaochomelea matela nao hawajakosa vipaji. Wanachokosa ni vipimo. VETA Chang'ombe ipo Temeke, umbali mfupi tu kutoka kwenye karakana nyingi za mitaani, na SIDO imekuwepo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivyo. CAMARTEC ya Arusha ina kazi ya kupima na kubuni zana za kilimo. Mchoro mmoja rahisi wa tela la tani moja na nusu, lenye breki ya pedali, ekseli iliyo mahali sahihi na pini yenye komeo, ukibandikwa kwenye kila karakana, utaokoa zaidi ya msako wa wiki nzima wa matela mabovu barabarani.

Trafiki naye asisubiri tela lianguke. Tela lina namba yake ya usajili na linahitaji taa kama gari lolote. Anayetembea usiku na tela lisilo na hata kiakisi kimoja nyuma hajiwekei hatari yeye peke yake, bali na bodaboda anayekuja nyuma yake akiwa na abiria.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo aliye na fedha mkononi wiki hii, ushauri ni mmoja. Asiende kwa dalali kesho. Aanze na daftari la mwezi mmoja, kisha aitembee njia yake, akodi vyombo viwili tofauti, na siku ya kununua aende na fundi wake. Akifika, ombi lake la kwanza lisiwe kuwashiwa injini. Aombe kulipakia tela mzigo ule ule alioupima, akipeleke chombo mteremkoni, na aone kama kitasimama.